Dirisha la Tatu

Kitabu kile kilimfikia Zedekiah Luseno kikiwa kimefungia nyama. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza baada ya mshahara, mwaka wa tisini na tano. Soko la Burma lilikuwa limejaa moshi na watu wenye pesa ya siku mbili, na Aloo muuza nyama alikuwa ameishiwa na magazeti. Akanyofoa karatasi mbili kutoka kwenye kitabu kinene kisicho na jalada kilichokaa kando ya mizani, akazungushia nusu kilo ya mbavu, akamkabidhi mteja wake. Luseno alifunga mzigo kwenye keria ya baiskeli, akaenda nyumbani kwake Kaloleni, mkewe Nekesa akatia nyama sufuriani na karatasi akawashia jiko. Mambo mengi ya nchi hii husomwa hivyo. Moto ndio huyapata kwanza.

Jumamosi iliyofuata karatasi moja iliteleza ikabaki mezani, imelowa damu kwenye pembe, na Luseno akaisoma akisubiri ugali. Ilikuwa ya Kiingereza. Shule yeye aliiacha darasa la saba, lakini Kiingereza alikifuata mwenyewe kama mtu anayefuata deni lake: kwenye vijitabu vya chama cha wafanyakazi, kwenye sheria za leba, na kwenye kamusi aliyoivisha jalada la karatasi ya kaki ikachakaa, akaivisha jingine. Karatasi ile ilisimulia habari za mwanamke wa kale, karne nyingi nyuma, ambaye kwa kumpenda Mungu aliomba afungiwe maisha yake yote katika chumba kimoja kando ya kanisa. Askofu alikuja akamsomea sala za maiti angali hai. Waashi wakaziba mlango kwa mawe. Akaachiwa madirisha. La kwanza lilitazama madhabahu. La pili lilikuwa la kupitishia mkate, na ndoo ya uchafu ikitoka. Hapo ukurasa ukaisha.

Luseno aliacha nyama ikapoa.

"Baba Ayuma," Nekesa alimwambia, "nyama umeshindwa, sasa unakula karatasi?"

Jumatatu jioni akitoka kazini alipitia kwa Aloo kukidai kitabu. Aloo alikuwa Mjaluo mwenye mikono kama makasia na ulimi mrefu kuliko mikono. Alimuuliza kama kweli alitaka kitabu, maana hakikuwa na mafuta wala mfupa. Walikubaliana kwamba Luseno angeleta magazeti ya zamani ya uzito uleule, na walipima kwenye mizani ileile ya nyama, huku wateja wakicheka. Hivyo ndivyo alivyokipata, bila jalada, bila jina la mwandishi, kimeanzia ukurasa wa thelathini na moja na kuruka hapa na pale, palipokuwa pamekwenda na mbavu za watu wengine.

Lazima isemwe kwa nini mtu wa aina ile alishikwa na kitabu cha aina ile, kwa sababu hata Nekesa hakuelewa, na Nekesa alimjua kuliko mtu yeyote. Luseno alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha misumari Baba Dogo, na kwa tisa kati ya hiyo alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Alikumbuka kila mgomo na tarehe yake. Alikumbuka nani alisimama getini na nani alipita kwa mlango wa nyuma. Alikumbuka viongozi wa chama walioingia ofisini kwa meneja na malalamiko mkononi wakatoka na kandarasi. Alikuwa ameona vibanda vya watu vikibomolewa asubuhi, watu wakiwa bado wamelala ndani. Alikuwa amekimbizwa na polisi pamoja na wanaume waliokuwa wakilia kwamba nchi lazima ibadilike, na sasa wanaume walewale walipita barabarani ndani ya magari yenye bendera, vioo vimepandishwa. Miaka yote hiyo alisema. Alisema getini, alisema kwa maandishi, alisema mazishini. Kufikia mwaka huo koo lake lilikuwa limekauka, na kitabu kikaja kumwambia kwamba kuna watu waliomwendea Mungu kwa kufunga mlango na kuupa ulimwengu mgongo. Nani angekataa?

Akaanza kukisoma kila siku kabla ya kazi, na pia saa ya chakula, akiwa ameegemea ukuta wa stoo. Mwanamke yule aliandika juu ya furaha iliyomjia gizani, ndogo mwanzoni kama punje ya wimbi, halafu kubwa kuliko chumba. Luseno hakuwa mtu wa kudanganywa na maneno matamu. Alikuwa amesikia mengi. Lakini hayo aliyaamini.

Na wakati huohuo kulikuwa na mkono wa Makau.

Makau alikuwa Mkamba wa miaka thelathini na kitu, mtu wa maneno machache, aliyekuwa akiendesha mashine ya kukata waya. Mashine hiyo ina kinga ya chuma mbele ya kisu. Kinga ikiwepo, kazi huenda taratibu kidogo. Mwezi wa nane meneja alifika mwenyewe, akaitazama saa yake, akamwambia Makau aiondoe. Makau akasema hapana, mkubwa, hiki kisu hakina macho. Meneja akamwambia kwamba pale nje getini wako wanaume mia wasiojua neno hapana. Makau akaiondoa. Siku ya tatu kisu kilichukua mkono wake wa kulia juu ya kifundo. Wakati amri ile inatolewa hapakuwa na mtu mwingine karibu ila Luseno, aliyekuwa amepiga magoti nyuma ya mashine na kopo la grisi. Meneja hakumwona. Makau alimwona.

Kiwanda kilisema Makau aliondoa kinga kwa uvivu wake ili amalize mapema. Ofisi ya leba, ile ya serikali inayoamua mambo ya wafanyakazi, ikaweka siku ya kusikiza pande mbili: Jumanne, tarehe kumi na nne Novemba. Neno la Luseno ndilo pekee lililokuwa limebaki kuutetea mkono ule. Kila mtu alijua. Makau mwenyewe alimwambia mara moja tu, wameketi kwenye jiwe nje ya nyumba yake ya mabati kule Mathare: "Mzee, mimi sina mwingine." Luseno akamshika bega la upande mzima, akamwambia asiwe na wasiwasi.

Basi mwishoni mwa Oktoba kukabandikwa tangazo kwenye ubao wa kantini. Nyumba moja ya mafungo huko Lucky Summer ilikuwa inakaribisha wafanyakazi wa Kikristo wa madhehebu yote kwa siku nane za ukimya na kusoma, mafunzo ya watakatifu wa kale na wa siku hizi. Anayetaka aombe ruhusa. Luseno aliomba akitarajia kukataliwa. Meneja alitia sahihi bila kuuliza swali, hata akamwambia, kwa tabasamu, kwamba kila mtu anahitaji kupumzika, hasa watu wa umri wao.

"Mama yako alipofariki uliomba siku tatu ukapewa moja," Nekesa alisema usiku wakati wa kula. "Leo unapewa nane uende kunyamaza. Hiyo haikuambii kitu?"

"Ninarudi Jumapili. Kesi ni Jumanne. Kuna siku nzima katikati."

"Sikuulizia kalenda, Baba Ayuma."

Alikasirika, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limeshamjia yeye mwenyewe na alikuwa amelifukuza. Alimwambia kwamba tangu zamani wao ni watu wa Marafiki, kanisa la Kwekari, na ukimya ni urithi wao. Babu yake aliwahi kumsimulia jinsi Marafiki wa kwanza walivyoketi saa nzima bila wimbo wala mahubiri. Nekesa, ambaye alizaliwa Bungoma na kuolewa katika kanisa hilo, alimjibu kwamba hata yeye amesikia hadithi hiyo, na babu alikuwa na sehemu ya pili ambayo Luseno huisahau. Hakumwambia ni ipi. Alikusanya sahani.

Nyumba ya mafungo ilikuwa nyuma ya ua wa kayaba, ng'ambo kidogo ya nyumba za mwisho za Lucky Summer, mahali ambapo upepo ukigeuka unaletewa moshi wa jaa la Dandora. Kiongozi wake aliitwa Ndugu Ambaro, mwalimu wa zamani, mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayezungumza karibu na mtoto aliyelala. Jumapili aliwapokea watu kumi na wawili. Akakusanya saa zao na redio zao. Akawaeleza kwamba kuanzia chakula cha jioni hakuna mtu atakayesema hadi Jumapili ya pili yake, na barua zitakazoletwa zitakaa ndani ya kiondo chake, kila mtu atapata yake akitoka. Halafu akampa kila mmoja karatasi zilizobanwa pamoja, nakala za kurasa alizochagua mwenyewe.

Siku mbili za kwanza Luseno alisikia kiwanda. Alikisikia kichwani, tang, tang, tang, hata akiwa kitandani. Alisoma habari za msichana wa karne hii hii aliyekuwa akifunga mikebe ya samaki kiwandani, ambaye aligeuza kila pigo la mashine kuwa sala. Luseno aliguna kimoyomoyo. Yaonekana dada huyo alikuwa na mashine yenye kinga. Lakini aliendelea kusoma, na palikuwa na mahali ambapo msichana alikiri kwamba kwa miezi kumi hakuhisi chochote ila uchovu, na kwamba uchovu huo nao alimpa Mungu kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa. Hapo Luseno alikifunika kijitabu akatoka nje.

Siku ya tatu kelele zilikoma. Alikuwa ameketi chini ya mpera, hafanyi lolote, na ghafla akatambua kwamba kichwa chake kilikuwa kitupu na safi kama nyumba iliyopigwa deki milango ikiwa wazi. Kisha katika utupu ule kitu kikaingia. Hakukiona wala hakukisikia. Alijua tu kwamba yuko mtu pale na kwamba mtu huyo alikuwa amemsubiri kwa muda mrefu bila kinyongo. Alilia, mzee wa miaka hamsini na minne, machozi yakashuka hadi kwenye ndevu, na hakuyafuta. Haya hayasemwi kwa dhihaka. Yalitokea. Kama yasingetokea, hadithi hii isingekuwa chungu hivi.

Jumatano alikuwa chumbani kwake. Dirisha lake lilitazama geti. Asubuhi ilikuwa imefika katikati wakati mwanamke alipokuja akipita kando ya kayaba, amevaa kanga juu ya gauni la kanisani, na akaanza kuzungumza na mlinzi. Luseno alimtambua. Alikuwa Nthenya, mke wa Makau. Mlinzi alikuwa anatikisa kichwa. Nthenya akainua macho, akamwona Luseno dirishani.

"Mzee Luseno," aliita. "Mzee, shuka kidogo."

Moyo wa Luseno uliruka, na mara hiyohiyo kitu kingine kikaukamata. Alifikiri: kesi ni Jumanne. Alifikiri: wakati wote watu hawa huniita, na siku moja nikiwa na Mungu ndipo wananiita zaidi. Alimkumbuka mwanamke wa madirisha mawili aliyeupa ulimwengu mgongo. Akainua kidole, akakiweka juu ya midomo. Na akatabasamu, ili Nthenya asidhani kuna ubaya.

Halafu akafunga dirisha.

Nthenya alisimama pale kitambo. Luseno alijua kwa sababu alisikia mlinzi akimwambia aende, na hakusikia hatua. Mwishowe geti lilisukumwa, mlinzi akapokea karatasi, na nje kukawa kimya. Alijaribu kurudi chini ya mpera mchana ule. Mpera ulikuwa mpera.

Alhamisi baada ya chakula mvua ilinyesha. Luseno aliingia katika chumba cha vitabu kutafuta kamusi, na kwenye rafu ya chini akaona mgongo mnene wa kitabu cha kijani. Alikifungua katikati. Alizijua sentensi zile kabla hajazimaliza. Kilikuwa ndicho kile cha Aloo, kizima, chenye jalada na kurasa zake zote, na hakikunuka damu. Alienda moja kwa moja ukurasa aliouokota mezani, wa askofu na waashi, kisha akafunua ule uliofuata, ambao hakuwahi kuuona. Labda ulikuwa umefunga nyama ya mtu mwingine. Labda ndio Nekesa aliowashia jiko.

Chumba kilikuwa na dirisha la tatu.

Lilitazama barabara. Kilining'inizwa kitambaa cheusi, na nyuma ya kitambaa mwanamke aliketi kila siku saa fulani, na yeyote aliyetaka alikuja: mchuuzi, askari, mjamzito, mwizi. Waashi waliagizwa kwamba milango yote izibwe lakini dirisha hilo lisizibwe kamwe, hata wakati wa tauni. Kitabu kilisimulia asubuhi moja mwanamke yule alipokuwa katikati ya sala, ile furaha imeshaanza kupanda, akasikia mjane akigonga. Msimamizi wa mashamba ya askofu, askofu yuleyule aliyemsomea sala za maiti, alikuwa amemnyang'anya mjane shamba. Mwanamke aliiacha sala palepale. Alivuta kitambaa, jambo lililokatazwa, akatoa uso wake nje, akalitaja jina la msimamizi kwa sauti hadi watu wa sokoni wakasimama. Baadaye aliandika kwamba hakuogopa kumwacha Mungu akingoja, kwa kuwa Mungu ana subira kuliko mjane.

Luseno alisoma maneno hayo mara tatu. Ndipo ikamjia ile sehemu ya pili ya hadithi ya babu. Marafiki wa kwanza waliketi kimya saa nzima, naam, lakini waliketi wakisubiri mmoja wao apewe neno, na akipewa, alisimama akalisema hata kama mfalme yuko mlangoni. Ukimya wao ulikuwa pumzi ya mtu anayejiandaa kusema. Maisha yake yote alikuwa akilijua jambo hili.

Alimkuta Ndugu Ambaro jikoni akichagua mchele.

"Barua yangu," Luseno alisema. Sauti ilitoka na kutu.

Ambaro alimtazama kwa huzuni ya kweli. "Zimebaki siku tatu tu, mzee wangu. Kilichoandikwa humo hakitakimbia."

"Nipe barua yangu, Ndugu."

Kiondo kilishushwa kutoka kwenye msumari. Karatasi ilikuwa ya daftari la shule, imeandikwa kwa penseli. *Mzee Luseno. Wakili wa kampuni ameomba kesi iletwe mapema na wamekubali. Ni kesho Alhamisi saa tatu. Tutakungoja pale nje kwa mlango wa leba. Makau anasema usichelewe. Shati nyeupe nimemfulia. Mimi Nthenya.*

Aliuliza ni saa ngapi. Ambaro alimwambia, saa tisa na nusu.

"Uliisoma hii?"

"Sisomi barua za watu."

"Na kile kitabu cha kijani, umekisoma?"

"Mara nyingi kuliko unavyodhani."

"Basi dirisha la tatu hukulitia kwenye zile karatasi zako kwa nini?"

Ambaro alisukuma mchele pembeni ya sinia. Alisema polepole kwamba watu huja kwake wakiwa wamechoka hadi mifupani, na akiwapa dirisha hilo hawatapumzika hata siku moja. Wataketi hapa wakitazama barabara. "Wewe ulikuja ukiwa hivyo," alisema. "Nilikuona."

 Luseno alitaka mtu huyu awe kibaraka, apokee amri kutoka kiwandani. Mabati ya nyumba ile yalitoka wapi, misumari ile ilitoka wapi? Hakuwahi kuthibitisha, si siku ile wala baadaye. Alichothibitisha ni kwamba mkono uliofunga dirisha ulikuwa wake. Alichukua saa yake na mfuko wake, akaondoka kwenye mvua.

Alipita Baba Dogo kwa miguu. Alipita nje ya kiwanda na kusikia mashine zikienda, na ile ya kukata waya aliijua sauti yake kati ya zote. Sasa ilikuwa ikiendeshwa na Okinyi, kijana wa kibarua aliyeoa mwaka huo, na kinga ilikuwa bado iko chini ya benchi, mahali Makau alipoiweka. Luseno alikuwa akipita kando yake kila siku saa ya chakula, kitabu mkononi. Aliteremka bondeni, akavuka mto wa Mathare kwenye ubao, matope yakamfika magotini.

Mlango wa Makau ulikuwa wazi. Nthenya alikuwa akikunja shati jeupe juu ya kitanda, akilainisha kola kwa kiganja kana kwamba linarudi dukani. Makau aliketi kwenye kigoda, mkono uliokatika umelazwa pajani, mkono mtupu wa shati umefungwa kwa pini. Luseno alisimama kizingitini, maji yakimtiririka.

"Mama," alianza, "barua yako, mimi sikuwa—"

Nthenya aliinua kidole, akakiweka juu ya midomo yake.

Hakutabasamu. Aliendelea kukunja shati.

Makau ndiye aliyezungumza, bila kupandisha sauti, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Alisema waliketi kwenye benchi tangu saa moja. Alisema karani alitoka akaita jina la shahidi. Akaita tena. "Mara ya tatu nilitaka kuitika mimi, mzee," alisema. "Nilifikiri labda hawakujui sura." Halafu supavaiza wa kampuni aliapa kwamba aliona kwa macho yake Makau akiondoa kinga kwa kujitakia. Supavaiza huyo mwezi wa nane alikuwa likizoni kwao Kisii, kiwanda kizima kilijua, lakini ofisa wa leba hakuwa kiwanda kizima. Ofisa aliuliza kama kuna mtu wa kupinga. Hakukuwa. Makau akaletewa karatasi ya kukubali kwamba makosa ni yake na kwamba hatafuatilia tena, na kwa huruma yao wangempa nauli ya kurudi kwao Mwala na kitu kidogo cha kununulia mbuzi. Akaambiwa apige dole gumba.

"Wakasema la kulia," alisema Makau. "Ndio desturi, la kulia. Nikawaonyesha. Karani akaona haya kidogo, akanishika hili la kushoto mwenyewe."

Luseno alisema ataenda kesho, ataandika, ataapa, atakwenda hata mahakamani. Makau alimsikiza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyosikizwa mzee. Kisha akamwambia kwamba wanaondoka Jumamosi, na kama ana nafasi amsaidie kutafuta mtu wa kununua kitanda.

Ijumaa asubuhi, kabla ya zamu ya saa moja, Luseno alisimama kwenye jiwe la mbele ya geti la kiwanda, ambako alikuwa amesimama akisema miaka tisa. Alisema. Alisema kila kitu: meneja, saa yake, maneno aliyoyatamka neno kwa neno, kopo la grisi, tarehe. Alimtaja supavaiza na likizo yake. Alitaja kinga chini ya benchi. Sauti yake ilikuwa nzuri, pengine nzuri kuliko wakati wowote, kwa kuwa ilikuwa imepumzishwa siku nne. Mlinzi alikuwa ameshaingia ndani kupiga simu. Wafanyakazi walipita mbele yake na vikopo vyao vya chakula, wengine wakiinamisha vichwa, wengine wakimtazama jinsi mtu anavyotazama gari la wagonjwa lililofika baada ya mazishi.

Okinyi ndiye peke yake aliyesimama. Alikuwa na mandazi mkononi, bado ya moto, yamefungwa kwenye karatasi.

"Umetoka kwa Mungu, mzee?"

"Nimetoka."

Okinyi alitafuna, akameza. Hakuwa na hasira. "Sasa hiyo maneno yote," alisema, "jana ulikuwa umeiweka wapi?"

Honi ya zamu ikalia. Okinyi akafuta mikono yake miwili kwenye ovaroli, akaitazama, kwanza huu kisha huu, akaingia ndani. Luseno alibaki juu ya jiwe. Baada ya kitambo kidogo alisikia, kupitia ukuta, mashine ya kukata waya ikiwashwa.